Hataza mpya ya Marekani ya mashine ya kupukuchua mahindi: je, fundi wa Morogoro anaweza kuitengeneza?

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea hapa Morogoro, natengeneza mashine za kupukuchua na kusaga mahindi. Nimepata mtandaoni hati ya hataza (patent, haki ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani iliyotolewa karibuni, ya mashine ya kupukuchua yenye feni ndani yake. Michoro yote imo, hadi mpangilio wa meno ya dramu. Nikiitengeneza na kuiuza nitashtakiwa? Nikibadilisha kidogo nitakuwa salama? Na kwa kuwa mwenyewe yuko Marekani, siwezi kuisajili mimi BRELA, wakala wa serikali wa usajili? Wateja wangu wengine wako Kenya na Lubumbashi.

JIBU: Ndugu fundi, nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kama mmiliki wa hataza hiyo hakuomba ulinzi unaofika Tanzania, una haki ya kutengeneza mashine hiyo na kuiuza Tanzania bila kumwomba ruhusa na bila kumlipa, na hakuna atakayekuita mwizi kwa haki. Kuisajili kwa jina lako huwezi, hata kama BRELA hawajawahi kuisikia. Na mahali ambapo hataza hiyo ina nguvu, kubadilisha rangi au aina ya bamba hakutakuokoa. Kwa hiyo kabla hujakata chuma, kuna mambo mawili ya kujua: hataza hiyo ina nguvu wapi, na inalinda nini hasa.

Hakikisha kwanza kwamba ulichoshika ni hataza, maana hati nyingi zinazosambazwa kama "hataza mpya" ni maombi tu. Tazama herufi na tarakimu mwishoni mwa namba. Kwa hati za Marekani, A1 ni maombi yaliyochapishwa: mtu ameomba, hajapewa. B1 na B2 ndizo hataza zilizotolewa. B2 ni ile ambayo maombi yake yalichapishwa kabla, B1 hayakuwahi kuchapishwa. Namba inayoanza na D inalinda umbo la nje peke yake, haihusu namna mashine inavyofanya kazi. Namba inayoanza na WO ni maombi ya kimataifa yanayopitia WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lililoko Geneva, na hayo peke yake hayamzuii mtu yeyote kufanya chochote. Hakuna hataza ya dunia nzima. Kwa hati za China, U ni uvumbuzi mdogo unaolindwa miaka 10, husajiliwa bila kuchunguzwa kwa kina kama kweli ni mpya, na mashine nyingi za kilimo utakazozikuta zina herufi hiyo.

Hata siku ya wiki inasaidia. Marekani hutoa hataza kila Jumanne na kuchapisha maombi kila Alhamisi. Hati yako ikiwa na tarehe ya Alhamisi, umeshika maombi.

Kisha soma ukurasa wa kwanza kwa namba zilizo kwenye mabano, ambazo ni zilezile karibu dunia nzima, hata hati ikiwa ya Kichina au Kikorea. (22) ni tarehe maombi yalipowasilishwa. (30), na kwa Marekani pia (60), huonyesha kama kuna maombi ya awali yanayompa mwombaji tarehe ya kipaumbele, yaani tarehe ya mapema zaidi ambayo upya wa uvumbuzi wake hupimwa kwayo. (45) ni tarehe hataza ilipotolewa. (72) ni mvumbuzi na (73) ni mmiliki wakati wa kutolewa. Chukua hataza ya Marekani namba 10,000,000, iliyotolewa Jumanne tarehe 19 Juni 2018 kwa kampuni ya Raytheon, kuhusu kupima umbali kwa miale ya leza. Maombi yaliwasilishwa 10 Machi 2015, yakachapishwa Alhamisi 15 Septemba 2016, yaani miezi 18 na siku chache baadaye, na hataza ikatoka baada ya miaka 3 na zaidi. Muda wake wa miaka 20 unahesabiwa kuanzia Machi 2015. Tarehe ya kutolewa, ambayo ndiyo kila mtu huitazama, haiongezi hata siku moja kwenye hesabu hiyo, isipokuwa kwamba Marekani humfidia mwombaji siku ambazo ofisi yenyewe ilimchelewesha. Siku hizo huandikwa ukurasa wa kwanza kwenye mstari wenye nyota.

Sasa mipaka. Hataza ya Marekani inafunga Marekani tu: kutengeneza huko, kuuza huko, kutumia huko, kuingiza huko. Ili mmiliki akuzuie wewe Morogoro ni lazima awe na hataza yenye nguvu Tanzania, na hiyo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni maombi ya moja kwa moja BRELA. Ya pili, ambayo wageni wengi huitumia, ni ARIPO, shirika la Harare linalopokea maombi mamoja na kutoa hataza kwa nchi ambazo mwombaji amezitaja, chini ya Itifaki ya Harare. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia na Msumbiji zote zimo. Namba za hataza hizo huanza na AP. Hapa ndipo watu hukosea: wanauliza BRELA peke yake, wanaambiwa hakuna, wanaanza kazi, kumbe kuna hataza ya ARIPO iliyoitaja Tanzania. Zanzibar nayo ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Ukikusudia kuuza Unguja na Pemba, uliza huko pia.

Namna ya kutafuta ni hii. Fungua Espacenet, hifadhi ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, andika namba ya hati yako kama ilivyo, kisha fungua sehemu ya familia ya hataza. Familia ni orodha ya maombi yote duniani yaliyotokana na uvumbuzi huohuo. Tafuta humo herufi WO, AP, TZ, KE na UG. Rudia kazi hiyo kwenye PATENTSCOPE ya WIPO na kwenye Google Patents. Usitafute kwa jina la mashine, kwa sababu mawakili huandika majina yanayoficha. Mashine yako ya kupukuchua inaweza kuitwa "kifaa cha kutenganisha mazao ya punje". Usitegemee jina la mmiliki pia, kwani kampuni huuzwa na kubadilisha majina. Namba ya maombi ya kipaumbele haibadiliki, nayo ndiyo ya kushika.

Usipoiona Tanzania kwenye familia hiyo, bado usifunge kompyuta. Hifadhi za kimataifa hazipati taarifa zote za ofisi zetu kwa wakati. Kutokuona ni dalili nzuri, lakini uthibitisho ni maandishi ya ofisi yenyewe.

Hesabu ya miezi itakuonyesha kama mlango umeshafungwa, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kwa fundi, kwa sababu inageuza wasiwasi kuwa tarehe. Tuseme maombi ya kwanza ya mmiliki yaliwasilishwa Marekani 14 Machi 2022. Chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda ana miezi 12, yaani hadi 14 Machi 2023, kuomba nchi nyingine huku akihesabiwa ile tarehe yake ya kwanza. Ndani ya muda huo anaweza pia kuwasilisha maombi ya kimataifa ya WO. Akifanya hivyo, anapata nafasi zaidi: nchi nyingi humpa hadi miezi 30 tangu kipaumbele kuingia kwao, ambayo hapa ni 14 Septemba 2024, na ARIPO humpa miezi 31, hadi 14 Oktoba 2024. Kwa hiyo hati yako ikiwa na WO kwenye familia na miezi hiyo haijatimia, bado anaweza kuingia Tanzania kihalali, na ukianza leo utakuwa unajenga juu ya ardhi yenye mgogoro. Miezi ikishapita, ongeza mingine 6 au zaidi kabla ya kuamini ukimya, kwa kuwa taarifa huchelewa kuonekana.

Na kama hakuna WO kabisa, wala AP, wala TZ? Maombi ya Marekani kwa kawaida huchapishwa miezi 18 tangu kipaumbele. Tangu siku hiyo uvumbuzi umeshajulikana hadharani, na hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Mwenyewe hawezi tena kuja BRELA au Harare mwaka wa nne na kuomba ulinzi wa kitu ambacho hati yake mwenyewe ilishakitangaza. Angeweza, kwa shida, kati ya mwezi wa 12 na wa 18, kama hakuwa ameonyesha mashine popote. Baada ya hapo mlango umefungwa. Hataza iliyotolewa karibuni kwa kawaida ina miaka miwili au mitatu tangu iombwe, kwa hiyo mara nyingi unapoisoma mara ya kwanza suala la Tanzania limeshaamuliwa zamani, kwa mmiliki kutofanya lolote.

Ukiikuta AP, usikate tamaa mapema. Angalia kama Tanzania imetajwa. Angalia kama ni maombi au imeshatolewa, na kumbuka kwamba nchi iliyotajwa hupewa miezi 6 kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Muhimu zaidi, angalia kama ada za kila mwaka zimelipwa kwa ajili ya Tanzania, maana ARIPO hutoza kwa kila nchi iliyotajwa, na wamiliki wengi huacha kulipia nchi ambazo hawaoni soko. Marekani kwenyewe ada hulipwa mara tatu tu, miaka 3 na nusu, 7 na nusu na 11 na nusu baada ya kutolewa, zikiwa na miezi 6 ya nyongeza kwa faini. Asiyelipa hupoteza hataza mwaka wa 4, wa 8 au wa 12. Lakini hataza ya nchi moja ikifa, za nchi nyingine haziguswi. Mtu akikuambia "imekufa Marekani", uliza ya Kenya iko hai?

Tuje kwenye kile kinacholindwa. Michoro uliyoiona siyo inayolindwa. Maelezo marefu ya kurasa 10 au 15 siyo yanayolindwa. Muhtasari wa ukurasa wa kwanza, ambao watu huusoma na kuhitimisha, hauna nguvu hiyo kabisa. Kinacholindwa ni madai, yale mafungu yenye namba mwishoni mwa hati za Marekani. Hayo ndiyo bikoni za kiwanja. Mengine yote ni picha ya nyumba iliyo ndani. Dai namba 1 karibu siku zote ni dai la msingi, halitegemei jingine. Madai mengine husema "mashine ya dai la 1, ambayo...", nayo ni tegemezi. Tafuta yote ya msingi, yanaweza kuwa matatu au manne, mengine yakiwa ya njia ya kufanya kazi, si ya mashine. Usipoingia ndani ya dai la msingi, huwezi kuingia ndani ya tegemezi lake.

Nikuwekee dai la kubuni, linalofanana na yale utakayoyakuta kwenye mashine za aina yako:

"Mashine ya kupukuchua mahindi inayojumuisha: fremu, dramu inayozunguka yenye meno yaliyopangwa kwa msokoto, chekeche la nusu duara chini ya dramu, likiwa na nafasi ya milimita 15 hadi 30 kutoka ncha za meno, na feni inayoendeshwa na shafti ileile ya dramu."

Chukua daftari, chora safu mbili. Kushoto andika kila kipengele cha dai, kulia andika kilichomo kwenye mashine yako. Hapa vipengele ni fremu, dramu, meno kwa msokoto, chekeche la nusu duara, nafasi ya 15 hadi 30, feni, na feni kuendeshwa na shafti ya dramu. Saba. Ili uwe umekiuka, vyote saba ni lazima viwemo. Kikikosekana kimoja kweli, umetoka. Mashine yako isiyo na feni, ambayo wapepetaji hupepeta kwa ungo baadaye, haimo ndani ya dai hili hata kama dramu yake ni nakala ya mchoro.

Kuongeza ni jambo jingine. Ukitengeneza vipengele vyote saba kisha ukaongeza magurudumu, hopa kubwa na injini ya dizeli, bado umo ndani. Katika madai ya Kiingereza neno "comprising" maana yake "ikiwemo hivi, na vingine vikiongezwa sawa". Likiwa "consisting of", maana yake ni hivyo pekee, na hapo kuongeza kitu kunaweza kukutoa. Neno hilo moja huamua kesi, kwa hiyo likague kabla ya yote. Fundi anayenunua mashine ya mwenye hataza, akaipa magurudumu na kuinakili akidhani ameboresha, hajatoka popote.

Na ukibadilisha kipengele kimoja? Tuseme feni yako haikai kwenye shafti ya dramu, ina puli yake na mkanda wake. Kwa maneno ya dai, umetoka. Lakini mahakama za nchi nyingi hazisomi madai kama mwalimu anayesahihisha imla. Uingereza, ambako sheria zetu na za Kenya zimechota sana, kesi inayotajwa daima ni ya Catnic dhidi ya Hill & Smith, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hataza ilikuwa ya linta ya chuma, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha, yenye bamba la nyuma "lililosimama wima". Mshindani akalilaza bamba nyuzi 6 kwenye linta moja na nyuzi 8 kwenye nyingine. Akashindwa kesi, kwa sababu fundi yeyote wa ujenzi angejua kwamba nyuzi chache hazibadilishi kazi ya linta, na kwamba mwandishi wa hataza hakuweza kuwa na nia ya kudai wima kamili. Marekani nako, mwaka 1997, Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri la Warner-Jenkinson na Hilton Davis kuhusu kusafisha rangi za vyakula kwa kiwango cha asidi cha pH 6.0 hadi 9.0. Mshindani alitumia pH 5.0. Mahakama haikusema kwamba aliye nje ya tarakimu amepona. Ilisema kila kipengele kipimwe kivyake, kiulizwe kama kilichowekwa badala yake kinafanya kazi ileile kwa njia ileile, na itazamwe pia kwa nini mwombaji aliweka tarakimu hiyo.

Kwa hiyo nafasi yako ya milimita 32 badala ya 30 ni kinga dhaifu. Mkanda badala ya shafti ni bora kidogo. Kuondoa feni na kuweka chekeche la kutikisika linalotenganisha kwa mtetemo ni njia tofauti ya kazi, nayo ndiyo aina ya mabadiliko ninayoyaamini. Kipimo changu ni rahisi: kama ulibadilisha ili tu uwe tofauti na dai, una mashaka, kama ulibadilisha na mashine sasa inafanya kazi kwa namna nyingine, umesimama imara.

Kutolewa kwa hataza hakuthibitishi pia kwamba ilistahili kutolewa. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza namba EP 0436257 ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wapinzani walionyesha kwamba wakulima wa India walikuwa wakifanya hivyo zamani, hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005. Marekani ilitoa hataza ya kutibu vidonda kwa bizari ya manjano mwaka 1995, ikafutwa 1997 baada ya baraza la utafiti la India, CSIR, kupeleka maandiko ya zamani. Ukikuta hataza yenye nguvu hapa kwetu inayodai kitu ambacho mafundi wa Gerezani au Gikomba wamekuwa wakikitengeneza kabla ya tarehe ya kipaumbele, kusanya ushahidi wenye tarehe: picha, risiti, katalogi, ripoti za maonyesho ya Nane Nane. Maneno ya "sisi tunakijua tangu zamani" hayatoshi. Karatasi yenye tarehe ndiyo inayofuta hataza.

Kuhusu kuisajili wewe: haiwezekani, na usikubali dalali akushawishi. Upya wa uvumbuzi hupimwa dhidi ya kilichochapishwa popote duniani, na hati uliyoipakua ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi yako. Utapoteza ada, na ukimtishia fundi mwenzako kwa hati ya namna hiyo utajitafutia kesi. Unachoweza kusajili ni kile ulichokiongeza mwenyewe, kama chekeche lako la kutikisika, ikiwa kweli ni jipya. Fanya hivyo kabla ya kuuza mashine ya kwanza, na kabla ya kurusha video yake. Video ya dakika moja mtandaoni inaweza kukunyima hataza yako mwenyewe. Kwa uboreshaji mdogo kuna ulinzi mwepesi kuliko hataza; Kenya, kwa mfano, huutoa kwa miaka 10.

Ukishajua uko huru, itumie hati hiyo kama kitabu cha kiwanda, maana ndivyo ilivyokusudiwa: mvumbuzi hupewa ulinzi kwa sharti la kufundisha. Ila usipime michoro kwa rula. Haichorwi kwa kipimo sawia, na fundi aliyekata shafti kwa kukuza mchoro huishia na beringi zisizoingia. Vipimo vya kuamini ni vilivyoandikwa kwenye maelezo, hasa sehemu ya mifano. Hati ikisema dramu izunguke mara 600 hadi 700 kwa dakika, na injini yako ya dizeli inazunguka 2,600 ikiwa na puli ya milimita 100, weka puli ya milimita 400 kwenye dramu utapata 650. Ukiweka ya 250 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, utapata 1,040, punje zitapasuka na mteja atalaumu mahindi. Na kumbuka kwamba hati ya Marekani imeandikwa kwa mahindi yao na ukavu wao. Mahindi yenye unyevu mwingi huvunjika na kuziba chekeche, kwa hiyo jaribu kwa mahindi ya Kilosa au Gairo kabla ya kuchapa bei. Kutengeneza moja kwa ajili ya utafiti wa kisayansi hakusumbui hata pale hataza ilipo hai. Sheria za Tanzania na Kenya zinagusa matendo ya kiviwanda na ya kibiashara. Mara unapoiuza, umevuka mstari huo.

Wateja wako wa nje wahesabiwe nchi kwa nchi. Kenya ina ofisi yake ya hataza, KIPI, na ni soko ambalo wamiliki wa kigeni hulikumbuka kuliko Tanzania. Inawezekana kabisa ukawa huru Morogoro na ukakamatwa Namanga, kwani kuingiza na kuuza bidhaa huko ni ukiukaji hata kama ilitengenezwa kihalali hapa. Migogoro ya hataza ina baraza lake maalumu Kenya, na mzigo unaweza kuzuiwa wakati shauri linaendelea. Uganda ni URSB. Kongo ya Kinshasa, iliko Lubumbashi, haimo ARIPO wala OAPI, shirika kama hilo la nchi za Afrika zinazotumia zaidi Kifaransa. Ina sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 1982, na hataza ya huko huombwa Kinshasa. Burundi nayo haimo kwenye Itifaki ya Harare. Marekani kwenyewe usipeleke hata moja, hata kwa ndugu aliyeagiza kwa WhatsApp.

Mbinu hii inafanya kazi kwa bidhaa nyingine pia, lakini kwa tahadhari tofauti. Simu na vifaa vya kielektroniki vina mamia ya hataza ndani ya kitu kimoja, kwa hiyo kukagua moja hakukuambii kitu. Dawa huwa na familia pana inayofika nchi nyingi, na hataza za baadaye za chumvi au kidonge cha dawa ileile. Mbegu zina haki za wagunduzi wa aina za mimea, ambazo hazionekani kwenye hifadhi za hataza hata kidogo.

Kama unachotaka ni mashine nzuri na siyo mashine mpya, nakushauri uache hataza za wiki hii na utafute zilizokufa. Kwenye Google Patents weka kikomo cha tarehe ya kuwasilishwa miaka 21 nyuma, na neno la aina ya mashine kwa Kiingereza na Kichina. Mashine za kupukuchua za mwaka 2000 zilikuwa nzuri, zina michoro ileile ya kina, na hutahitaji kumuuliza mtu.

Kwa hati uliyonayo, andikia BRELA barua, nakala moja kwa ARIPO. Taja namba ya hataza ya Marekani pamoja na herufi zake, namba na tarehe ya maombi ya kipaumbele, namba ya WO kama ipo, majina ya mvumbuzi na mmiliki. Uliza maswali matatu: kuna maombi au hataza ya familia hii yenye nguvu Tanzania? Ada zimelipwa hadi lini? Kuna mabadiliko ya umiliki yaliyosajiliwa? Weka jibu kwenye faili pamoja na jedwali lako la vipengele, lililotiwa tarehe na sahihi. COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na vituo vya TISC, vya msaada wa teknolojia na ubunifu, vilivyoanzishwa kwa ushirikiano na WIPO wanaweza kukusaidia kutafuta, na ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa itakusaidia kuchora jedwali. Dai likiwa gumu kusomeka na mtaji unaotaka kuweka ni mkubwa, hapo mlipe wakili wa hataza asome dai la msingi peke yake. Itakugharimu kidogo kuliko kumpa hati nzima. TBS, shirika la viwango, wafuate baadaye kwa ubora na usalama wa mashine, hasa kikinga cha mkanda, kwa sababu kuwa huru upande wa hataza hakukupi kibali chao.